Kabla ya kulipa: namna ninavyokagua maziwa, asali na bizari hapa Lamu

Mimi ni mpishi wa shughuli. Arusi, hitima, Maulidi ya Mfungo Sita, futari ya msikitini: watu wa mtaa wetu wa Langoni wakitarajia wageni wengi, mimi ndiye ninayekabidhiwa orodha na pesa. Kabla ya masufuria haya nilikuwa fundi wa maabara ya shule ya sekondari, nikiwatayarishia wanafunzi chupa za iodini na asidi. Kazi hizo mbili zimekutana jikoni kwangu. Pesa ninazonunulia si zangu, na wanaokula hawakuwepo nilipokuwa nikinunua. Mzazi wa juzi analetewa uji wa maziwa, mgonjwa analambishwa asali kama dawa, na wote hao wameniamini bila kuniuliza. Ndiyo maana sinunui kwa jicho peke yake.

Jambo la kushika kabla ya kutafuta kifaa chochote ni hili: kila kipimo hujibu swali moja tu. Laktometa huuliza uzito wa maziwa, haijui kilichoyapa uzito huo. Iodini huuliza kama kuna wanga, haijui maji. Mwenye kuchakachua naye ana akili. Akishajua unapima nini, atapitia pale usipopima. Kwa hiyo tumia vipimo viwili au vitatu vinavyouliza maswali tofauti, kisha uwe na daftari la kukumbuka majibu kwa miezi. Ningeambiwa nibaki na kimoja tu katika vyote, ningelishika daftari.

Anza na hesabu

Kabla ya kuchovya chochote, tazama bei. Bizari ya manjano nzima ina bei yake sokoni. Kuisaga kuna gharama, na mashine nayo hubakiza vumbi lake. Basi unga ukiuzwa rahisi kuliko mizizi yake mizima, katika soko lilelile na siku ileile, ndani ya unga huo kuna kitu cha bei ndogo kuliko bizari. Hesabu hii inafaa kwa pilipili manga na kwa mdalasini pia.

Kwa samli hesabu ni nzuri zaidi. Maziwa yenye mafuta asilimia 5, ambayo ni maziwa mazito ya ng'ombe wa kienyeji, yana kilo moja ya mafuta katika kila lita 20 hivi. Piga bei ya lita 20 za maziwa, punguza thamani ya maziwa yanayobaki baada ya malai, yaani krimu, kutolewa, na ongeza kuni na kazi ya mtu. Anayekuuzia kilo ya samli kwa chini ya hapo aidha anakupa sadaka au anakuuzia mafuta mengine.

Uliza pia wingi. Mtu mwenye ng'ombe watatu wa kienyeji hawezi kuleta lita arobaini kila asubuhi katikati ya kiangazi cha Februari. Maswali haya yaulize kwa upole, kama mazungumzo: "Ami, malisho yakoje huko? Wangapi wanakamwa sasa?" Jibu liandike.

Maziwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu maziwa ndiyo ninayonunua kila siku na ndiyo yanayochezewa kwa njia nyingi.

Vifaa ni vichache: laktometa, kipimajoto, silinda ndefu ya kupimia, chupa ya iodini ya vidonda kutoka duka la dawa, na vibanzi vya karatasi vya kupima pH. Ukinunua laktometa, tazama shingoni imeandikwa nyuzi ngapi za joto. Nyingine zimetengenezwa kusoma kwenye nyuzi 15.5 za Selsiasi, nyingine 20, nyingine 27. Ukilipuuza hilo, namba zote zitakazofuata hazina maana. Kisha ijaribu katika maji safi yaliyopozwa hadi nyuzi hizo: lazima isome sifuri au karibu yake. Isiposoma hivyo, irudishe dukani.

Maziwa yetu mengi hutoka bara, pande za Mokowe na Hindi, yakavushwa kwa boti ndani ya madumu. Yakifika gatini yametikisika na jua limeyapata. Koroga dumu lote kwanza kwa upawa mrefu, maana malai hupanda juu. Ukichota juu tu unapima malai, ukichota chini unapima maziwa yaliyonyimwa malai. Mimina kwenye silinda pole pole kwa kuinamisha, povu lisije likajaa. Yakiwa ndiyo kwanza yamekamwa, yaache yatulie, kwa sababu maziwa yanayotoka chuchuni sasa hivi husoma chini ya haki yake. Tumbukiza laktometa, izungushe kidogo isigande ukutani, shusha jicho usawa wa maziwa, usome pale yanapokata shingo ya kifaa. Papo hapo soma joto.

Laktometa ikisoma 30, maana yake maziwa yana uzito mara 1.030 ya maji ya ujazo uleule. Maziwa safi ya ng'ombe kwa kawaida huwa kati ya 26 na 32 kwenye nyuzi 20. Maji yakiongezwa namba hushuka: sehemu moja ya maji katika kumi huishusha takriban alama tatu.

Sasa hapa ndipo Lamu inapotofautiana na vitabu vilivyoandikwa kwa nchi za baridi. Maziwa yakipata joto hutanuka, yakawa mepesi, na laktometa ikazama zaidi bila ya mtu kutia hata tone la maji. Kanuni ya kazi ni kuongeza alama 0.2 kwa kila nyuzi moja iliyozidi nyuzi za kifaa. Chukua maziwa yaliyofika yakiwa nyuzi 29, laktometa ya nyuzi 20 ikasoma 27. Nyuzi tisa mara 0.2 ni 1.8, jibu la haki ni 28.8. Hayo ni maziwa mazuri. Asiyesahihisha ataona 27, kesho jua likiwa kali zaidi ataona 26, na atamtangaza mwizi mtu aliyeamka alfajiri kukama ng'ombe wake. Mji wetu ni mdogo. Neno likishatoka hapa gatini, jioni limefika Shela, na jina la mtu halisafishiki kwa kuomba radhi. Sahihisha joto kila mara, hata ukiwa na haraka.

Kama baada ya kusahihisha namba ni 25.8 na muuzaji huyu kawaida yake ni 28.8, alama tatu zimepotea. Hiyo inakaribia asilimia kumi ya maji, na hapo una haki ya kuuliza.

Lakini laktometa ina udhaifu unaojulikana tangu zamani. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Ukitoa malai, maziwa yaliyobaki huwa mazito zaidi na namba hupanda. Basi mtu akitoa malai ya kupikia samli, kisha akarudishia maji kwa kiasi, namba hupanda na kushuka hadi inarudi palepale, 29, safi kabisa machoni pa kifaa. Amekuibia mara mbili na kipimo kimemtetea. Dawa yake ni kuuliza swali la pili: mafuta. Maabara za maziwa zina kipimo cha Gerber, kinachotumia asidi kali na mashine ya kuzungusha, usikijaribu nyumbani. Mimi hufanya hivi: najaza gilasi ndefu iliyonyooka, naiweka kwenye friji usiku kucha bila kuitikisa, na asubuhi napima unene wa malai kwa rula. Si kipimo cha mahakamani, lakini gilasi ikiwa ileile na saa zikiwa zilezile, unaweza kumlinganisha muuzaji na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Malai yakipungua nusu huku laktometa haijabadilika, umeona mchezo.

Njia nyingine ya kuihadaa laktometa ni kutia kitu cha kurudisha uzito: unga, sukari, chumvi. Unga ndio rahisi kukamata. Chemsha vijiko viwili vya maziwa, yaache yapoe kabisa, dondoshea matone mawili matatu ya iodini. Yakigeuka buluu au meusimeusi, kuna wanga, na maziwa ya ng'ombe hayana wanga hata kidogo. Usiache kuyapoza: yakiwa moto rangi ya buluu haitokei, utadhani yako salama. Ulichotia iodini mwaga, usikirudishe katika sufuria. Sukari ya mezani inahitaji dawa za maabara, sina njia ya jikoni ninayoiamini.

Vibanzi vya pH navitumia kwa sababu ya magadi na soda ya kuokea. Maziwa yaliyoanza kuchacha hutiwa soda ili uchachu usisikike. Maziwa mabichi mazuri yana pH ya 6.6 hadi 6.8. Yakipita 7 uliza, ingawa ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele naye huipandisha, na hapo msaada anaouhitaji mwenye ng'ombe ni daktari wa mifugo. Wako pia wanaotia hidrojeni peroksaidi ili maziwa yastahimili safari. Vipo vibanzi vyake maalumu. Pima mapema, kwa sababu maziwa yenyewe huivunjavunja dawa hiyo na kadiri saa zinavyopita alama hupotea.

Na hayo yote hayatoshi kwa mtu aliyekusudia kweli. Mwaka 2008 nchini China maziwa yaliyotiwa maji yalirudishiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Kwa nini melamini? Kwa sababu viwanda havikupima protini yenyewe, vilipima naitrojeni na kukadiria protini kutoka hapo. Thuluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Kipimo kilisema protini ipo tele. Watoto wachanga wapatao laki tatu waliugua, wengi kwa mawe kwenye figo, na sita wakafa. Mtu alisoma kipimo, akaona swali lake halisi, akalijibu kwa sumu. Nikimfundisha msichana yeyote jikoni kwangu kupima maziwa, kisa hiki humsimulia kwanza.

Daftari

Chora safu: tarehe, muuzaji, saa, joto, namba ya laktometa, namba iliyosahihishwa, unene wa malai, iodini, na nafasi ya maneno: mvua, malisho, ng'ombe aliyezaa, dumu jipya. Andika namba mbichi na iliyosahihishwa zote mbili, ili ukikosea hesabu uweze kurudi.

Ukishapata siku thelathini za muuzaji mmoja, tafuta wastani wake na utazame kawaida hupanda na kushuka kiasi gani. Tuseme mmoja wastani wake ni 29, akicheza kati ya 28.5 na 29.5. Huyu akileta 27.5, ametoka nje ya desturi yake, ingawa 27.5 ni maziwa halali kwa mwingine. Wa pili wastani wake ni 27.5 mwaka mzima. Huyo usimguse, ng'ombe wake ndivyo walivyo. Viwango vya vitabu vinakwambia maziwa ya ng'ombe yalivyo. Daftari linakwambia maziwa ya zizi hili yalivyo, nawe unanunua kutoka zizi hili.

Kisha tazama wauzaji wote kwa pamoja. Wote wakishuka siku moja, wauzaji wanne hawakukutana usiku kula njama. Shuku kipimajoto chako au laktometa iliyopata ufa. Wakishuka taratibu kwa wiki kadhaa, tazama malisho. Akishuka mmoja, na wenzake wamesimama, hapo pana la kuzungumza.

Chora pia mstari. Programu ya jedwali kwenye simu inatosha. Tarehe chini, namba pembeni. Jicho hukamata kwenye mchoro lile ambalo safu za namba huficha. Kuna wanaoshuka Ijumaa tu, siku ya wateja wengi. Kuna wanaoshuka bei ya maziwa inapopanda. Ramadhani ndiyo mwezi wa kutazama kwa makini kuliko yote, kwa sababu kila nyumba inataka maziwa, samli na asali kwa wakati mmoja na ng'ombe hawaongezeki kwa sababu mwezi umeandama.

Asali

Asali nzuri kabisa niliyopata kuionja hutoka msitu wa Boni, inakorinwa na Waawer, ambao wengi huwaita Waboni. Ufundi wao wa nyuki ni wa vizazi. Inaniuma kuona asali yao ikikataliwa mjini kwa vipimo vya uongo, huku shira ya sukari iliyopikwa ikipita.

Vipimo hivyo unavijua. Dondoshea kwenye maji: ikizama bila kutawanyika ni safi. Chovya njiti ya kiberiti: ikiwaka ni safi. Sisimizi wakiikimbia ni safi. Iweke kwenye karatasi au mchanga: isiponywewa ni safi. Vyote hivi havipimi asali, vinapima uzito na unyevu. Shira nzito iliyopikwa vizuri hufaulu vyote. Asali ya kweli iliyorinwa mapema kabla nyuki hawajaifunika kwa nta, au iliyokaa wazi katika hewa yetu ya pwani ikanywa unyevu, hufeli vyote. Na ile inayoganda chembechembe chini ya chupa haijatiwa sukari kwa sababu hiyo tu. Glukosi ya asali yenyewe huganda. Usiitupe.

Kifaa kinachofaa kuwa nacho ni refraktometa ya asali, ndogo, ya kushika mkononi. Unapaka tone kwenye kioo, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma asilimia ya maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Kipimo hiki kinakwambia kama asali itachacha chupani, na hilo ni muhimu kwa joto letu. Hakikwambii kama ni ya nyuki. Wala usikitumie kumhukumu muuza asali ya nyuki wadogo wasiouma: asali yao kwa maumbile ina maji mengi zaidi, na kiwango kile hakikuandikwa kwa ajili yake.

Swali lenyewe hasa, kama kuna sukari ya kigeni, hujibiwa maabara, na njia yake inanifurahisha kila nikiieleza. Mimea haishiki kaboni kwa namna moja. Miwa na mahindi wana njia yao, na miti mingi inayotembelewa na nyuki, mikoko yetu ikiwemo, ina njia nyingine. Tofauti hiyo hubaki katika uwiano wa aina mbili za kaboni, ile nyepesi na ile nzito kidogo. Kwa mizani wanayotumia, asali ya miti huwa karibu na hasi 25, na sukari ya miwa karibu na hasi 12. Maabara hupima asali, kisha hutoa protini kidogo iliyomo ndani ya asali hiyohiyo na kuipima peke yake. Anayetia sukari hatii protini ya nyuki, kwa hiyo protini hubaki shahidi wa ilivyokuwa asali kabla ya kuguswa. Namba mbili zikiachana kwa zaidi ya moja, kuna sukari ya miwa au mahindi ya asilimia 7 au zaidi.

Na waliojua swali hilo wakahama. Shira ya mchele na ya kiazisukari haina alama ya miwa, ikapita. Umoja wa Ulaya ulipokagua sampuli 320 za asali iliyoagizwa kutoka nje na kutoa ripoti mwaka 2023, sampuli 147 zilishukiwa, karibu asilimia 46, na nyingi zilikuwa na dalili za shira za namna hiyo. Ndiyo maana maabara kubwa sasa hazitegemei kipimo kimoja. Hupima mamia ya viambato pamoja na kulinganisha na hifadhi ya asali za kweli kutoka nchi mbalimbali. Na hapo pia daftari limerudi, ila ni kubwa.

Kwa sisi wa hapa, njia bora ni kununua asali ikiwa na masega yake, au kwa mtu anayeweza kukutajia mzinga uko wapi, mwezi gani ulirinwa na maua gani yalikuwa yamechanua. Chavua iliyomo ndani ya asali inaweza kuthibitisha maneno yake: chini ya hadubini, kila mmea una umbo lake la chavua. Shule yoyote yenye hadubini nzuri na mwalimu wa baiolojia mwenye moyo inaweza kuanza kukusanya picha za chavua za mikoko, mikwaju na mibuyu ya kwetu. Ningependa sana kuona wanafunzi wa Lamu wakiifanya kazi hiyo.

Bizari na pilipili

Pilipili manga ni rahisi. Mbegu za mapapai zilizokaushwa hufanana nazo. Zitie kwenye gilasi ya maji: pilipili iliyokomaa huzama, mbegu za mapapai huelea. Pilipili changa na tupu nazo huelea, kwa hiyo zilizoelea zitoe, zipasue kwa kisu, uzinuse. Pua yako hapo inatosha.

Usitie iodini kwenye bizari ya manjano wala tangawizi ya unga. Nimeona ushauri huo ukizunguka kwenye simu. Manjano ni mzizi, na mzizi una wanga wake; itageuka buluu hata ikiwa safi kabisa, na utamchafulia jina muuzaji bure.

Hatari kubwa ya manjano haionekani kwa wanga. Nchini Bangladesh wachakataji walikuwa wakiing'arisha mizizi kwa kromati ya risasi, unga wa manjano unaotumika kwenye rangi za kupaka. Madini haya ya risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hapana kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Watafiti walipima bizari ya sokoni, wakaipima na damu ya watu, wakafuata mnyororo hadi kwenye mashine za kung'arishia. Serikali ikaingia sokoni na vifaa vya eksirei vya kushika mkononi vinavyoonyesha risasi papo hapo, ikatoza faini, ikatangaza. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi. Mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Nalisema hili kwa wale wanaodhani uchakachuaji hauna dawa.

Jikoni huwezi kuona risasi, hata kwa gilasi ya maji. Unachoweza ni kukataa mizizi inayong'aa manjano makali nje kama imepakwa. Mzizi wa kweli uliokaushwa una ganda la kahawia lililofifia na mikunjo. Nunua huo, osha, anika, peleka mashineni mwenyewe na usimame hapo.

Pilipili nyekundu ya unga, itie kijiko kwenye gilasi ya maji. Vumbi la tofali huzama haraka na ukilisugua baina ya vidole linakwaruza. Rangi ya kuyeyuka kwenye maji hushuka kama michirizi. Lakini rangi za Sudan, zile zilizofanya bidhaa zaidi ya 400 ziondolewe madukani Uingereza mwaka 2005, huyeyuka kwenye mafuta, si maji, na wekundu wa pilipili wenyewe nao huyeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo hakuna mchezo wa gilasi utakaozitenganisha.

Mafuta kwa ufupi

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25. Weka chupa ndogo kwenye friji: yakiganda yote sawasawa ni dalili njema, yakibaki tabaka la majimaji juu kuna mafuta mengine. Samli haina kipimo cha jikoni ninachokithamini, isipokuwa iodini kwa wale wanaotia viazi vilivyopondwa. Maabara huangalia asidi ya butiriki, ambayo iko katika mafuta ya maziwa na haiko katika ya mawese, na hutafuta pia steroli za mimea, ambazo hazina sababu ya kuwamo ndani ya samli.

Vya pakiti, soma alama ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Chini yake kuna namba ya kibali. Tuma ujumbe wenye SM, alama ya reli (#) na namba hiyo kwenda 20023, utajibiwa kibali ni cha bidhaa gani na cha nani. Jibu likitaja bidhaa nyingine, pakiti ni ya kughushi hata kama imechapishwa vizuri.

Ukishuku

Usipige kelele. Rudia kipimo mbele ya muuzaji, kwa sampuli mpya, dumu likiwa limekorogwa, na mwache asome namba mwenyewe. Kisha mwonyeshe daftari: "Ami, tazama, mwezi mzima umekuwa hapa, leo uko hapa. Kumetokea nini?" Mara nyingi kuna jibu. Kijana aliyebeba dumu alisuuza chombo na maji yakabaki. Ng'ombe wawili wamekauka na mmoja amezaa. Au mzee ananyamaza, na kesho yake namba inarudi 29 bila ya neno kusemwa.

Akikana na wewe huridhiki, kuna njia ya haki inayotumika na wakaguzi wa maziwa tangu zamani: nenda zizini. Vuka naye Mokowe, simama wakati ng'ombe wakikamwa, wote, hadi tone la mwisho, maana maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Changanya, subiri yatulie, pima kwa laktometa ileile. Namba ya zizini ndiyo hukumu. Ikilingana na ile uliyoishuku, mwombe radhi mbele ya watu uliowaambia. Ikiachana nayo sana, sasa una ushahidi wala si dhana.

Ikiwa ni jambo la kudhuru watu, yaani dawa ndani ya maziwa, rangi au risasi, usilimalize wewe na muuzaji. Peleka kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuchukua sampuli chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, sura ya 254, na sampuli ya kesi ni ile aliyoichukua yeye. Yako itamsaidia kujua pa kuanzia. Ichukue hivi: koroga au changanya gunia zima, jaza chupa tatu safi kavu, zifunge na uzitie karatasi ya gundi juu ya kifuniko, andika tarehe, saa, joto na mahali, nyote wawili mtie sahihi. Moja abaki nayo muuzaji, moja yako, moja ya maabara. Maziwa yaende yakiwa kwenye barafu, kwa sababu ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali iliyo karibu nasi iko Mombasa, na maziwa yaliyochacha njiani hayataweza tena kusema yalivyokuwa. Bizari na asali hazina haraka hiyo. Ziweke pasipo jua, kwenye chupa ya kioo, na risiti ya ununuzi ifungwe pamoja nazo.